Kuchonga vichwa vya vibao vya uzio kwa zana za mkono za zamani: kipi kifanye kazi kubwa?

KibaoMoshi aliandika:

Habari za kazi wakuu. Kuna uzio wa mita 30 wa kuzungushia bustani ya mbele, mtaa wa Shanty Town hapa Moshi. Mwenye nyumba anataka vibao vyenye vichwa vya mviringo, na hataki kuona alama za mashine. Mbao ni saipresi ya inchi moja kwa nne, kibao futi 4, nafasi ya milimita 50 kati ya kimoja na kingine. Kwa hesabu hiyo ni vibao 200.

Zana zilizopo zote ni za kizamani: kisu cha kuvuta cha mikono miwili chenye bapa la inchi 10, kimeliwa na kutu na muhuri hausomeki, spokishevu (kiranda kidogo cha mikono miwili cha kuchongea mviringo) ya Stanley namba 151, keekee (drili ya kuzungusha kwa mkono) na bitsi zake nne zilizogongwa namba 8, 12, 14 na 16, msumeno wa kawaida wa kukatia, na tupa ya mbao ya nusu duara.

Ninachoomba kujua: kwa vibao 200, ni kipi kati ya hivi kibebe kazi kubwa? Pili, spokishevu inatetema na kuacha mawimbi kwenye mbao. Tatu, nikichonga mviringo upande mmoja wa kichwa unatoka laini kabisa, ila upande wa pili unanyofoka vipande, mara nyingine mpasuko unashuka hadi inchi nzima. Kisu nimekinoa, kinanyoa nywele za mkono. Shida iko wapi?

---

FundiSakina (Arusha) alijibu:

Salama mkuu. Nianze na la tatu maana ndilo litakalokuharibia mbao nyingi. Kisu chako hakina kosa, kosa ni unakozunguka. Bila shaka unaanza ubavu mmoja, unapanda hadi kileleni, kisha unaendelea kushuka ubavu wa pili kwa mkupuo mmoja. Ukiwa unapanda, nyuzi za mbao zinatokeza mbele ya kisu kuelekea nje, kwa hiyo hata zikipasuka zinapasukia kwenye takataka. Ukivuka kilele na kuanza kushuka, kisu kinaingia kati ya nyuzi kama kabari, na mpasuko unafuata nyuzi kwenda chini kwenye mwili wa kibao. Basi kila upande uanzie begani, yaani ubavuni pale mviringo unapoanzia, kupanda kileleni, na ukifika katikati simama, inua zana, hamia upande wa pili. Mikato miwili ikutane juu. Hakuna namna nyingine.

Ukikaa na kisu cha kuvuta maana yake ni kwamba kichwa cha kibao kinakuelekea wewe, kwa sababu unavuta kutoka begani kuja kileleni. Funga kipande cha mbao kifuani, au vaa aproni nene ya ngozi. Watu hudharau hili.

Sasa kazi kubwa. Ifanywe na msumeno, kisu na spokishevu ni za kumalizia. Anayejaribu kuchonga mviringo mzima kwa kisu kutoka kwenye kona ya mraba anapoteza siku, na vichwa havitafanana hata viwili. Kibao chako kina upana wa milimita 100, kwa hiyo nusu duara yako ina nusu kipenyo cha 50. Pima milimita 29 kutoka kwenye kila kona, juu na ubavuni, unganisha alama, kata. Umepata mkato wa digrii 45 ambao unagusa duara lako bila kuliingilia. Zinazobaki ni nundu nne tu kwa kila kichwa, na hata pale inapozidi nundu ni kama milimita 4 tu. Hizo ndizo za kuchonga. Kama mbao zimeshapigwa randa na upana umebaki 95, pima 28 badala ya 29.

Usichore kila kibao. Tengeneza boksi la maita, yaani la kuongozea msumeno, la mbao tatu, sakafu na kuta mbili, nafasi ya ndani milimita 102 ili kibao kiingie bila kulegea. Weka kizuizi mwishoni ambapo kichwa kinagonga, kata mfereji mmoja wa digrii 45 kwenye kuta zote mbili. Mfereji mmoja unatosha: kata kona ya kwanza, geuza kibao uso chini, kata ya pili kwenye mfereji uleule. Kizuizi kikilegea hata kidogo vichwa vyote vinavyofuata vitakuwa vimepinda upande mmoja, kwa hiyo kifunge kwa skrubu, misumari italegea. Kila baada ya vibao ishirini hivi kagua kimoja kwa patani, yaani kipande cha kupimia umbo.

Patani yenyewe ikate kwenye plaiwudi ya milimita 3 au hadibodi. Iwe moja tu kwa kazi nzima. Ukitumia kibao kilichokwisha kuchongwa kama patani ya kinachofuata, kosa linakua kidogo kidogo hadi kibao cha mia hakifanani na cha kwanza.

Kuna watakaokwambia ubane vibao vinne pamoja ukate kwa mpigo. Sikushauri. Msumeno wa mkono ukipita kwenye unene wa inchi 4 unatangatanga, na kosa lote linaangukia kibao cha nyuma ambacho hukioni.

---

TupaNaKinoo alijibu:

FundiSakina kamaliza habari ya nyuzi, sina la kuongeza pale. Mimi nije kwenye zana zenyewe.

Kisu cha kuvuta. Kabla ya kutoa jasho angalia uso bapa wa nyuma, ule usio na mteremko. Kama kutu imechimba vishimo ndani ya milimita 2 au 3 za makali, hutapata makali safi hapo hata ukinoa wiki nzima. Kila kishimo kikifika ukingoni kinakuwa pengo. Unatakiwa kusaga hadi uvipite. Vishimo vikiwa mbali na ukingo viache, havina madhara.

Kutu iondoe kwa siki nyeupe. Mishikio usiing'oe. Kwenye visu vingi vya zamani mkia wa chuma umepita katikati ya mshikio na kugongwa ncha upande wa pili, ukiulazimisha mti unapasuka. Chukua bomba la PVC, lipasue kwa urefu, ziba ncha mbili upate kihori. Laza kisu makali chini, mishikio juu, mimina siki ifunike bapa peke yake. Saa 12 hadi 24 zinatosha. Sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha palepale juani na paka mafuta. Ukiacha maji yakauke yenyewe kutu inarudi kabla hujamaliza chai.

Kisha jaribu ugumu: pitisha kona ya tupa mpya kwenye makali. Ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu sawasawa. Ikiuma kirahisi, kuna mtu alikisaga kwenye jiwe la umeme hadi kikageuka bluu, na pale kwenye bluu chuma kimelainika. Saga taratibu kwa mkono upite sehemu hiyo, ukichovya maji kila mara. Kama kimelainika chote, wapelekee wafua chuma wa eneo la Mamba, kule Kilimanjaro, wao wanafahamu kazi ya kurudisha ugumu. Kipashwe hadi sumaku isishike na kidogo zaidi ya hapo, kizamishwe kwenye mafuta ya uvuguvugu, halafu kipashwe tena polepole hadi chuma kilichosuguliwa kigeuke rangi ya majani makavu. Hiyo ni kama digrii 200 hadi 230 za Selsiasi. Hatua hii ya pili ikirukwa kisu kinakuwa kama kioo, kikigonga kifundo kinamenyeka. Hao hao wanaweza kukufulia kisu kipya kwa springi ya gari, na ni chuma kizuri kwa kazi hii.

Mteremko wa makali uwe digrii 30 kwa kisu cha kuvuta, na 25 kwa spokishevu. Noa hadi uhisi ukingo mwembamba unaokwaruza kidole upande wa pili kwa urefu wote wa bapa, kisha ulaze uso bapa kwenye jiwe na uuondoe. Malizia kwenye ngozi. Kwa mviringo shika kisu mteremko ukiangalia chini, utaweza kukiongoza kitoke kwenye mbao. Mteremko ukiwa juu kinajichimbia, hiyo ni kwa kunyoosha ubavu mrefu tu.

Sasa 151 yako inayotetema. Toa bapa lote, tazama kitanda linapokaa. Stanley walipaka rangi nyeusi nzito hadi kwenye kitanda, na ile rangi ina vinundu. Bapa limekalia vinundu badala ya kukalia chuma, ndiyo maana linacheza. Kwaruza rangi, piga tupa laini hadi bapa likae bila kutikisika. Hatua ya pili, kifuniko kinachobana bapa: ukingo wake wa mbele lazima uguse bapa kwa upana wote. Weka kwenye mwanga, ukiona mwanya sugua ukingo huo kwenye jiwe. Hatua ya tatu, nati mbili za kurekebishia zina ulegevu, kwa hiyo kila mara maliza kwa kuzungusha upande wa kusukuma bapa nje, usimalize kwa kulirudisha ndani. Kisha kaza skrubu ya kifuniko. Bapa lichomoze kiasi cha kutoa maranda membamba yanayopitisha mwanga. Mawimbi mengi yanatoka kwa mtu anayetaka kumaliza kazi kwa mikato mitatu.

Bapa lake ni fupi, kunoa kwa vidole ni kujikata. Chukua kipande cha mbao ngumu, kata mfereji kwa msumeno kichwani, chomeka bapa humo, sasa una mshikio.

Kwa wanaonunua spokishevu kwenye mitumba: kagua mikono yake mahali inapoungana na mwili. Ni chuma cha kutupwa, ikianguka sakafuni inapasuka ufa mwembamba ambao hauonekani mpaka uifute mafuta. Na kama skrubu ya kifuniko haipo, fikiri mara mbili. Nyuzi za skrubu za Stanley wa zamani hazioani na boliti za metriki za hardware. Record A151 kutoka Sheffield ni ya umbo hilohilo na inafanya kazi ileile.

---

KibaoMoshi aliandika:

Asanteni sana. Nimekagua kitanda cha 151, kweli rangi imejaa vinundu. Mwenye nyumba ameongeza jambo: vibao 12 vya geti anataka viwe na shingo, yaani chini ya kichwa cha mviringo kuwe na mbonyeo kila upande. Hapo nadhani ndipo keekee inaingia, ila bitsi ipi? Na bitsi za kawaida za chuma zikifungwa kwenye keekee zinazunguka bure, ni kwa nini?

---

DadaRanda (Usa River) alijibu:

Fundi, namba kwenye bitsi za zamani ni sehemu za kumi na sita za inchi. Namba 8 ni nusu inchi, 12 ni robo tatu, 14 ni inchi moja kasoro sehemu ya nane, 16 ni inchi kamili. Kwa kibao cha inchi 4 tumia 16. Kila upande utakula nusu inchi, shingo itabaki inchi 3, bado ina nguvu. Ukitafuta bitsi kubwa ujue kwamba shingo ikishuka chini ya inchi 2 kwenye saipresi yenye vifundo, mtoto akining'inia kichwa kinabaki mkononi mwake.

Kuhusu bitsi kuzunguka bure: taya za keekee ya zamani ni mbili, zimechongwa kushika mkia wa pembe nne unaochongoka. Mkia wa duara hauna pa kushikwa. Usiikaze kwa koleo, utaharibu taya.

Namna ya kutoboa. Panga vibao vitano ubavu kwa ubavu, nyuso juu, na kipande cha taka cha upana wowote kila mwisho ili vibao vya pembeni navyo vipate nusu tundu upande wa nje. Vibane kwa klampu ndefu au uvipigie kabari ndani ya fremu, kwa sababu ncha ya skrubu ya bitsi ikiingia kwenye kiungo inavitanua, na ukilegeza hata nywele tundu linakuwa yai. Chora mstari mmoja wa kupita vyote kwa skwea, toboa kwenye kila kiungo. Zungusha hadi ncha ya skrubu ichungulie upande wa chini, acha hapo, geuza fremu nzima, malizia kutoka nyuma ukifuata kitundu hicho. Ukitoboa moja kwa moja hadi bitsi itokee, uso wa nyuma utamenyeka vipande vikubwa kama sarafu.

Fanya matundu kabla ya kukata kona za kichwa. Kibao kikishakuwa na kichwa cha mviringo hakibaniki vizuri.

Ndani ya mbonyeo spokishevu yako haitaingia, 151 ya kawaida ina tumbo bapa. Iliyo na tumbo la mviringo huandikwa 151R, lakini hata hiyo ni pana mno kwa tundu la inchi moja. Tumia tupa ya nusu duara. Kuna sheria ya nyuzi hapa pia: kwenye mbonyeo unachonga kutoka juu ya nundu kushuka kwenye kina, kutoka pande zote mbili, mikato ikutane chini kabisa. Na tupa isukume ikielekea ndani ya kibao, isitoke nje ya uso, la sivyo inamenya ukingo.

Nipingane kidogo na waliotangulia: kwa saipresi iliyokauka, nundu ya milimita 4 haihitaji kisu cha kuvuta kabisa. Vichwa vya saipresi vina vifundo vidogo vigumu, na kisu kikikutana navyo kinaruka. Spokishevu mikato sita hadi nane kwa kila nundu, kisha tupa pale kileleni ambapo nyuzi zimekatwa kichwa na kisu kinaburuza. Hicho kisu kikubwa kifanyie kazi kwenye nguzo.

---

FundiSakina alijibu:

@DadaRanda kwa vibao 12 nakubali. Kwa 200 hapana. Nundu nne mara mia mbili ni nundu 800, ukizitoa zote kwa spokishevu viganja vitakuambia. Kisu cha kuvuta kinaondoa milimita 3 kwa mvuto mmoja au miwili, spokishevu ibakiziwe milimita moja. Ila kwenye kifundo uko sahihi, hapo geuza kisu kiwe mshazari, kikate kwa kuteleza badala ya kugonga uso kwa uso. Au weka kibao hicho kando. Mbao nunua zaidi: futi 12 inatoa vibao vitatu, kwa hiyo 200 ni mbao 67, lakini chukua 72. Ncha za mbao kutoka kiwandani mara nyingi zina nyufa za kukauka, na ufa uliopo kichwani ukiuchonga utafunguka tu. Ncha yenye ufa igeuze iwe upande wa chini.

---

TupaNaKinoo alijibu:

Halafu waulize waliokuuzia mbao zimekaa muda gani tangu zipasuliwe. Saipresi mbichi inachongeka kama siagi, ila ikikauka kibao cha inchi 4 kinapungua milimita 3 hadi 6 kwa upana, nafasi zako za 50 zinakuwa 55 na mviringo unakuwa kama yai. Zipange kivulini na vijiti katikati, hewa ipite. Ukiona utomvu unaganda kwenye meno ya msumeno, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Kama msumeno wako ni wa kale na unakata kwa kupinda, usiulaumu kabla ya kuangalia mpangilio wa meno. Meno ya upande mmoja yakiwa yamepinda nje zaidi ya mwingine msumeno unavutwa huko. Soma namba iliyogongwa karibu na mshikio, inataja wingi wa ncha za meno kwa inchi. Kwa kukata kona hizi 8 ni nzuri. Kunoa misumeno ni fani kamili, pale Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, Moshi wanaifundisha, huna haja ya kwenda mbali.

---

KibaoMoshi aliandika:

Boksi la maita nimeshalikata, 29 inakaa sawasawa kwenye patani. Swali la mwisho. Ninapaka nini kwenye vichwa kabla ya rangi nyeupe ya mafuta? Jirani anasema oil chafu ya gari, mara moja tu, mchwa hawasogei.

---

DadaRanda alijibu:

Oil chafu ni ya sehemu ya nguzo iliyo ardhini, na hata hapo iishie chini ya usawa wa udongo. Rangi haishiki juu ya oil, itabanduka kama ngozi ya ndizi masika ya kwanza. Kwa vichwa, chukua rangi yenyewe ya mafuta, izimue kwa thina hadi iwe nyepesi, paka kileleni mara mbili kabla ya kupaka kibao kizima. Kichwa kina nyuzi zilizokatwa, kinanyonya maji kuliko uso, na uozo unaanzia hapo ukishuka. Ncha ya chini ya kibao nayo ipake hivyohivyo kabla ya kupigilia, maana baadaye brashi haitaingia. Acha milimita 50 kutoka ardhini. Mchwa wa Moshi hawahitaji daraja refu.

Misumari iwe ya inchi 2 na nusu iliyopakwa zinki, miwili kwa kila papi (mbao za mlalo zinazobeba vibao), papi zenyewe za inchi mbili kwa tatu. Ncha ya msumari igonge kidogo kwa nyundo iwe butu kabla ya kuupigilia. Msumari mkali unatanua nyuzi na kupasua, butu unazikata. Papi ya juu ikae inchi 8 hadi 10 chini ya kilele, na kwa vile 12 vya geti hakikisha msumari hauangukii kwenye shingo.